UFUNDI NYUMBANI: Redio Moja, Spika na Hedifoni

Mwezi uliopita tulijifunza namna ya kutunza betri ya sola. Mwezi huu tutazungumza juu ya chombo kinachotumia umeme wa betri hiyo. Chombo hicho ni redio.

Siku hizi nyumba nyingi vijijini zina redio yenye mahali pa kuchomeka flashi. Nyumba nyingine zina sabufa. Sabufa ni sanduku la sauti nzito pamoja na spika zake ndogo. Ndani ya sanduku hilo mna amplifaya, yaani mtambo wa kukuza sauti.

Lakini nyumba ni moja, na watu ni wengi. Babu anataka taarifa ya habari ya usiku. Masikio yake ni mazito, kwa hiyo anaongeza sauti. Mtoto mchanga anaamka na kulia. Kijana wa kidato cha nne anasoma, na mtihani wake uko karibu. Mama anasema, "Baba, tafadhali punguza." Babu anajibu, "Nikipunguza sisikii." Mwisho redio inazimwa. Babu analala bila habari. Huenda usiku huo limetangazwa onyo la mvua kubwa, au siku ya chanjo, au bei ya pamba. Yote yamempita.

Je, ni lazima iwe hivyo? Hapana. Redio moja inaweza kumhudumia mtu mmoja kwa hedifoni, na watu wengi kwa spika. Inaweza hata kuwahudumia wote kwa wakati mmoja. Linalotakiwa ni kujua njia ya sauti, na kusoma alama zilizoandikwa kwenye vyombo. Ukiunganisha kwa kubahatisha, utaunguza chombo. Jambo baya zaidi ni kwamba unaweza kuharibu masikio, na masikio hayauzwi dukani.

HEDIFONI NI NINI?

Hedifoni ni spika mbili ndogo zinazovaliwa masikioni. Nyingine hufunika sikio zima. Nyingine huingizwa kwenye tundu la sikio. Watangazaji husema "vipokea sauti vya masikioni". Mafundi na vijana husema hedifoni. Sisi pia tutasema hedifoni.

Hedifoni na spika hufanya kazi kwa namna moja. Ndani yake mna sumaku na waya mwembamba uliozungushwa. Umeme wa sauti ukipita katika waya huo, waya unatikisika. Utando unaoshikamana nao unatikisika pia, na utando unatikisa hewa. Hewa inapofika sikioni, tunasikia sauti.

Tofauti yake ni nguvu. Spika inatakiwa kujaza chumba kizima. Hedifoni inajaza sikio tu. Spika ya nyumbani hutumia wati moja, tano, au zaidi. Sasa chukua wati moja, uigawe mafungu 1,000. Kwa hedifoni nyingi, fungu moja tu kati ya hayo linatosha kutoa sauti kali.

Kumbuka hesabu hiyo. Ndiyo msingi wa somo letu la leo.

SAUTI NI KAMA MAJI YA MFEREJI

Ndugu msomaji, wewe ni mkulima. Unajua maji ya mfereji. Mfereji mkubwa hupeleka maji kwenye shamba la mpunga. Mfereji mdogo hupeleka maji kwenye kitalu cha miche. Ukifungulia mfereji mkubwa uingie kwenye kitalu, miche yote itang'oka. Ukitegemea mfereji mdogo umwagilie shamba zima, shamba litakauka.

Redio na amplifaya nazo zina mifereji miwili. Mfereji mkubwa ni ncha za spika. Mara nyingi ziko nyuma ya chombo, nazo zina rangi nyekundu na nyeusi. Mfereji mdogo ni tundu la hedifoni. Kwa kawaida pembeni yake pana picha ndogo ya hedifoni.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: Hedifoni iende kwenye tundu la hedifoni. Spika iende kwenye ncha za spika.

Wako vijana hodari wanaokata pini ya hedifoni na kufunga nyaya zake kwenye ncha za spika. Usifanye hivyo. Nguvu ya spika itaunguza hedifoni mara moja. Kama mtu amezivaa, atapigwa na sauti kali sana masikioni kabla hajawahi kuzivua.

Je, ukifanya kinyume chake? Ukichukua spika isiyo na amplifaya na kuichomeka kwenye tundu la hedifoni, itatoa sauti ndogo kama ya nyuki. Tundu hilo halina nguvu ya kuisukuma. Ukiongeza sauti mpaka mwisho, sauti itakwaruza, na chombo kitalemewa.

TUNDU LENYE LANGO

Watu wengi huuliza, "Kwa nini nikichomeka hedifoni, spika ya redio inanyamaza?"

Ndani ya tundu la hedifoni mna kijibati kidogo. Kijibati hicho ni kama lango la mfereji. Pini ya hedifoni ikiwa nje, lango liko wazi na sauti inakwenda kwenye spika. Pini ikiingia, inakisukuma kijibati. Lango la spika linafungwa, na sauti inakwenda kwenye hedifoni peke yake. Ukichomoa pini, kijibati kinarudi na spika inaanza kusema tena. Katika vyombo vingine vya kisasa lango hilo hufungwa na mtambo wa ndani, lakini matokeo ni yale yale.

Kujua jambo hili kunaweza kukuokolea fedha. Mara nyingine redio hunyamaza kabisa, ingawa taa yake inawaka na hakuna hedifoni iliyochomekwa. Mwenye redio hudhani spika imekufa. Kumbe vumbi au kutu imeshika kijibati, na lango limebaki limefungwa. Zima redio. Chomeka pini na kuichomoa mara kumi, polepole. Kisha washa. Mara nyingi sauti hurudi. Isiporudi, mpelekee fundi na umwambie, "Fundi, naomba uangalie tundu la hedifoni kwanza."

ISOME PINI

Pini nayo inasomeka kama kitabu. Iangalie vizuri. Utaona vipete vyeusi au vyeupe vinavyoigawa.

Pini yenye kipete kimoja ina sehemu mbili. Inapeleka sauti ya upande mmoja tu.

Pini yenye vipete viwili ina sehemu tatu. Ncha hupeleka sauti ya sikio la kushoto. Sehemu ya katikati hupeleka sauti ya sikio la kulia. Sehemu ya nyuma ni njia ya kurudi ya umeme wa pande zote mbili.

Pini yenye vipete vitatu ina sehemu nne. Hiyo ni ya hedifoni za simu zenye kipaza sauti.

Redio nyingine ndogo zina tundu la upande mmoja. Ukichomeka pini ya vipete viwili, huenda ukasikia sikio la kushoto peke yake. Usidhani hedifoni ni mbovu. Zijaribu kwanza kwenye simu au redio nyingine.

Pini za kawaida zina unene wa milimita 3.5. Amplifaya kubwa na vyombo vya bendi vina tundu nene zaidi, la milimita 6.35. Kwa tundu hilo unanunua kipande cha kuunganishia. Usilazimishe pini nyembamba katika tundu nene. Italegea, na sauti itakatikakatika.

NJIA YA KWANZA: MTU MMOJA ANASIKILIZA

Njia hii ni rahisi. Redio ina spika yake ndani, na ina tundu la hedifoni. Fuata hatua hizi:

1. Punguza sauti ya redio mpaka mwisho.
2. Chomeka pini mpaka uisikie inaingia na kukaa. Pini iliyoingia nusu hutoa sauti ya upande mmoja.
3. Vaa hedifoni. Mara nyingi zimeandikwa herufi mbili. Herufi L ni sikio la kushoto. Herufi R ni sikio la kulia.
4. Ongeza sauti kidogo kidogo. Ukielewa maneno vizuri, simama hapo.

Usivae hedifoni kabla ya kupunguza sauti. Huenda mchana redio ilikuwa imefunguliwa sana kwa ajili ya watu wa uani. Sauti hiyo si ya masikioni.

NJIA YA PILI: HEDIFONI NA SPIKA PAMOJA

Sasa turudi kwa Babu. Wengine nyumbani nao wanataka taarifa ya habari, lakini kwa sauti ndogo. Babu anataka sauti kubwa kidogo. Redio ni moja. Je, tufanyeje?

Tunahitaji vitu viwili. Cha kwanza ni sabufa, au spika yoyote yenye amplifaya ndani yake na kitufe chake cha sauti. Cha pili ni waya mfupi wenye pini moja upande huu na matundu mawili upande ule. Umbo lake ni kama panda ya manati. Sisi tutauita waya wa panda.

Fuata hatua hizi:

1. Zima redio. Zima sabufa.
2. Chomeka pini ya waya wa panda kwenye tundu la hedifoni la redio.
3. Chomeka hedifoni za Babu kwenye tundu moja la panda.
4. Kwenye tundu la pili, chomeka waya wa sabufa. Waya huo una pini nyembamba upande mmoja. Upande wa pili una pini mbili, moja nyekundu na moja nyeupe.
5. Nyuma ya sabufa tafuta mahali palipoandikwa IN au AUX. Hapo ndipo sauti inapoingia. Weka nyekundu kwenye nyekundu, na nyeupe kwenye nyeupe. Nyekundu ni kulia. Nyeupe ni kushoto.
6. Punguza sauti ya redio na ya sabufa mpaka mwisho.
7. Washa redio kwanza, kisha sabufa. Wakati wa kuzima, anza na sabufa, kisha redio. Ukifuata utaratibu huo, spika hazitapiga ule mshindo wa "bup!" unaozichosha.
8. Ongeza sauti ya redio mpaka Babu aseme inatosha. Kisha rekebisha sauti ya wengine kwa kitufe cha sabufa.

Ona jinsi kazi ilivyogawanyika. Kitufe cha redio kinatawala masikio ya Babu. Kitufe cha sabufa kinatawala chumba. Wakati wa kulala ukifika, zima sabufa tu. Babu ataendelea kusikia.

"Babu, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona sabufa imenyamaza? Mmezima redio?"

"Hatujazima, Babu. Wewe bado unasikia?"

"Nasikia vizuri. Wanasema mvua itanyesha kesho."

"Basi sikiliza wewe, asubuhi utatuambia."

Waya wa panda unaweza pia kutumiwa kwa hedifoni mbili. Watoto wawili wanaweza kusikiliza kipindi kimoja cha masomo bila kuwasumbua wengine. Sauti itapungua kidogo, nao watashirikiana kitufe kimoja.

Lakini angalia sana jambo hili. Waya wa panda ni wa kugawa sauti moja iende mahali pawili. Si wa kuleta sauti mbili mahali pamoja. Usichukue redio na simu ukaziunganisha zote mbili kwa panda ili ziingie kwenye sabufa moja. Umeme wa chombo kimoja utasukuma ndani ya kingine, kama mifereji miwili iliyoelekezana. Sauti itafifia, na chombo chaweza kuharibika. Chomeka kimoja kwanza. Ukitaka kingine, chomoa cha kwanza.

NJIA YA TATU: KUONGEZA SPIKA ZA WAYA

Wapo wenye amplifaya wanaotaka kuongeza spika nyingine, tuseme moja ukumbini na moja barazani. Hapa ndipo vyombo vingi vinapoungua. Tusome kwa makini.

Nyuma ya spika pana namba, na pembeni ya namba pana alama hii: Ω. Inafanana na pete iliyo wazi chini, yenye miguu miwili. Alama hiyo inasomwa "omu". Spika nyingi za nyumbani ni omu 4 au omu 8.

Omu ni kipimo cha ugumu wa umeme kupita. Rudi kwenye mfereji. Omu nyingi ni mlango mwembamba, na maji hupita kidogo. Omu chache ni mlango mpana, na maji hupita mengi. Mlango ukiwa mpana kupita kiasi, pampu inafanya kazi kuliko uwezo wake. Inapata moto, kisha inakufa. Amplifaya ndiyo pampu yetu.

Sasa hesabu. Ukifunga spika mbili kwenye ncha zile zile, nyekundu na nyekundu, nyeusi na nyeusi, umefungua milango miwili kwa pamoja. Omu hupungua:

Spika 2 za omu 8 huwa omu 4.
Spika 2 za omu 4 huwa omu 2.

Ukizifunga kwa kufuatana, umeme ukapita spika ya kwanza ndipo uingie ya pili, omu hujumlishwa:

Omu 8 na omu 8 huwa omu 16.
Omu 4 na omu 4 huwa omu 8.

Kisha soma nyuma ya amplifaya. Huenda pameandikwa 4–8 Ω. Maana yake, usiipe mzigo wenye omu chini ya 4. Kwa hiyo spika mbili za omu 8 zinaweza kufungwa pamoja kwenye ncha moja. Spika mbili za omu 4 haziwezi, kwa sababu zitakuwa omu 2. Zifunge kwa kufuatana. Sauti itapungua kidogo, lakini amplifaya itaishi.

Amplifaya nyingine zina kitufe chenye herufi A, B, na A+B. Herufi A ni jozi ya kwanza ya spika. Herufi B ni jozi ya pili. Ukibonyeza A+B, zote zinalia. Katika amplifaya nyingi, A+B ni sawa na kuzifunga pamoja, na omu zinapungua vile vile. Fanya hesabu kabla ya kubonyeza.

Usiunganishe ncha nyeusi ya kulia na ncha nyeusi ya kushoto. Katika amplifaya nyingi za siku hizi, ncha hizo mbili si kitu kimoja. Kila spika iwe na nyaya zake mbili.

Tena, nyekundu ifungwe kwenye nyekundu kwa kila spika. Ukigeuza spika moja, utando wake utakwenda nyuma wakati wa mwenzake unakwenda mbele. Sauti nzito zitapotea. Kama rangi zimefutika, chomoa spika kwenye amplifaya. Chukua betri moja ya tochi ya volti 1.5. Gusisha nyaya za spika kwenye betri mara moja tu, haraka. Utando ukiruka mbele, ncha iliyogusa alama ya + ndiyo nyekundu. Weka alama kwa uzi au rangi.

MASIKIO HAYANA SPEA

Ndugu msomaji, redio ikiungua, utauza magunia mawili ya mahindi na kununua nyingine. Je, sikio likifa?

Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vinatikiswa na sauti na kupeleka habari kwenye ubongo. Sauti kali huvilaza kama upepo mkali unavyolaza mtama. Vikilazwa mara chache, huinuka tena. Vikilazwa kila siku, hufa. Kwa binadamu vikifa haviоti tena.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa kuhusu usikivu. Lilisema vijana zaidi ya bilioni 1 duniani wako katika hatari ya kupoteza usikivu kwa sababu ya kusikiliza sauti kali. Shirika hilo linashauri kipimo hiki. Sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa saa 40 kwa juma. Desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti. Kila ukiongeza desibeli 3, kata saa hizo nusu. Desibeli 83 ni saa 20. Desibeli 86 ni saa 10. Ukifika desibeli 90, zinabaki saa 4 tu kwa juma zima.

Hatuna vipimo vya desibeli vijijini. Basi tumia kanuni hizi:

Kama kitufe kina alama 10, usipite alama ya 6.

Kama mtu aliyekaa karibu nawe anasikia muziki wa hedifoni zako, umepita kiasi.

Kama mtu anasema nawe kwa sauti ya kawaida, karibu nawe, na wewe huelewi, umepita kiasi.

Kama ukivua hedifoni masikio yanalia "nziii", masikio yanakuomba msamaha. Yapumzishe.

Usiongeze sauti ya hedifoni ili kushinda kelele za mashine ya kusaga au za basi. Hapo unajumlisha kelele mbili.

Na Babu je? Kama anahitaji sauti kubwa zaidi kila mwezi, usiendelee kuongeza. Mpeleke zahanati. Huenda ni nta imejaa sikioni, au sikio linaumwa na linatibika. Usichokoe sikio kwa kijiti cha kiberiti wala unyoya wa kuku. Unaweza kutoboa ngoma ya sikio.

HATARI NYINGINE

Zima na kuchomoa waya wa umeme kabla ya kufunga nyaya nyuma ya amplifaya.

Usifungue sanduku la amplifaya inayotumia umeme wa nyumba. Hata ikiwa imechomolewa, ndani yake vipo vitu vinavyohifadhi umeme kwa muda. Kazi hiyo ni ya fundi.

Radi ikianza, chomoa vyombo vyote, pamoja na antena ya nje. Vua hedifoni zilizochomekwa kwenye chombo kinachotumia umeme wa ukutani.

Nyaya zisipite chini ya mkeka wala mlangoni watu wanapokanyaga. Zikichubuka na kugusana, amplifaya yaweza kufa hapo hapo. Funika maungio yote kwa tepu nyeusi ya mafundi.

Usivae hedifoni ukiendesha baiskeli au pikipiki, au ukivuka barabara. Gari halitakungoja umalize wimbo.

LINI SPIKA, LINI HEDIFONI?

Mwaka 1973 palikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya" katika nchi yetu ya Tanzania. Watu wazima karibu milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, kisha wakatenda. Walichimba vyoo. Walisafisha mazingira yao. Redio moja ilitosha kikundi kizima. Kama kila mtu angesikiliza peke yake, nani angemwambia mwenzake, "Haya, tuchukue majembe"?

Kwa hiyo hedifoni si za kila jambo. Zitumie usiku watu wamelala. Zitumie kwa masomo. Mpe mzee ambaye masikio yake ni mazito, kwa kiasi. Lakini onyo la mafuriko, habari za mbegu na mbolea, na kipindi cha afya ya watoto ni vya watu wote. Hapo chomoa pini, lango lifunguke, spika iseme. Kisha mzungumze mliyoyasikia.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini spika ya redio hunyamaza hedifoni zinapochomekwa?
2. Kwa nini ni hatari kufunga hedifoni kwenye ncha za spika?
3. Una spika mbili za omu 4. Amplifaya imeandikwa 4–8 Ω. Utazifunga vipi?
4. Katika njia ya pili, ni kitufe kipi kinachotawala sauti ya hedifoni?
5. Nyumbani kwenu ni nani anayekosa habari kwa sababu redio imezimwa? Mtamsaidiaje?

Mwenye redio, jioni ya leo geuza chombo chako. Soma alama zilizo nyuma yake, na uziandike kwenye daftari. Mwezi ujao tutajifunza namna ya kufunga antena ya redio ili isikamate kelele.

Kazi njema, ndugu msomaji.